Rangi inavyokuonyesha joto la nyota pacha

Mwishoni mwa Agosti, mnamo saa nne usiku, vaa koti zito (baridi ya Uyole, Mbeya, si ya mchezo) uelekeze darubini kaskazini, kwenye Albireo ya kundinyota la Cygnus. Kwa macho matupu ni nyota moja. Ukiikuza mara 30 zinatokea mbili: moja ya dhahabu, nyingine buluu.

Sasa vuruga fokasi kidogo. Nyota ikivimba, mng'ao unapungua na rangi inajitokeza vizuri. Usiruke hatua hii. Ndiyo iliyonifungua macho mimi.

Binti yangu alidhani ya buluu ndiyo ya baridi, kama alama ya bomba. Nikampeleka kwa mfua vyuma: chuma huanza chekundu, kikazidi kuwa cha njano, kisha cheupe. Nyota huendelea hadi buluu. Ile ya dhahabu ina takriban kelvini (kipimo cha joto) 4,400 usoni, ya buluu kama 13,000. Jua letu lina 5,772.

Ukitaka hesabu, chukua urefu wa wimbi la mwanga ambako nyota inang'aa zaidi, kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), kisha gawanya 2,898,000 kwa namba hiyo; jibu ni joto kwa kelvini. Kwa Jua, urefu huo ni nanomita 502. Jaribu.