Jinsi ya Kutengeneza Miti na Uoto wa Ardhi kwa Reli ya Mfano

Kinachoharibu mandhari ya reli ya mfano, yaani reli ndogo inayoiga ile halisi kwa vipimo vilivyopunguzwa, kuliko kitu kingine ni kufanana. Nyasi rangi moja, miti kimo kimoja, nafasi kati ya mti na mti zile zile, ardhi laini isiyo na jiwe wala kijiti. Vifaa vya bei mbaya haviondoi tatizo hilo: ukimwaga nyasi za kopo moja juu ya ubao mzima, utapata zulia. Karibu kila kitu kilichomo humu unaweza kukitengeneza mwenyewe, na kila hatua inalenga kuvunja ule usawa.

Piga hesabu kabla ya kukata waya

Katika skeli ya 1:87, yaani HO, ambapo kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi, mti wa mita 15 unakuwa na sentimita 17. Katika 1:160, yaani N, unakuwa na sentimita 9 na nusu hivi, na katika 1:76, yaani OO, karibu sentimita 20. Wengi hushtuka wakiona namba hizo, kwa sababu miti inayouzwa kwenye pakiti huwa mifupi kuliko hapo, na mita 15 wala si mti mkubwa. Chukua kisanamu cha mtu mzima cha HO, ambacho kina kama sentimita 2, kisimamishe kando ya shina unalolifikiria. Macho yatakuambia haraka kuliko kikokotoo.

Hesabu hiyo hiyo ifanye kwa nyasi. Nyasi zinazosimama hutengenezwa kwa nyuzi za nailoni, na uzi wa milimita 2 katika HO ni nyasi za sentimita 17. Wa milimita 4 ni sentimita 35, na wa milimita 6 unagonga magoti. Katika N, milimita 2 tayari ni sentimita 32, kwa hiyo uwanja uliofyekwa katika skeli hiyo hautaki nyuzi kabisa. Unga laini wa sponji unatosha.

Ardhi kwanza

Paka uso wote rangi ya udongo kabla ya kitu kingine. Plasta nyeupe ikiachwa wazi, siku kipande kikimeguka utaona doa jeupe katikati ya msitu. Kama msingi wako ni wa stairofomu, kaa mbali na gundi za kupulizia na rangi zenye viyeyushi vikali, maana zinaitafuna. Rangi za maji ndizo salama.

Udongo halisi ndio bora kuliko unga wowote wa kununua, lakini uuandae. Uanike ukauke kabisa, kisha utie kwenye oveni kwa nyuzi 120 kama nusu saa ili wadudu na mayai yao wafe. Uchekeche mara mbili, kwa chekeche pana halafu kwa chujio la chai, upate saizi tatu: vijiwe, mchanga na vumbi. Sasa funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni uipitishe ndani ya kila rundo. Usiiruke hatua hii. Udongo mwingi una chembe za chuma, na mota ya kichwa cha treni ina sumaku ndani yake. Chembe zikifika kule, zinanasa na kusaga. Ukishaona ndevu nyeusi zimeota juu ya mfuko, geuza mfuko ndani nje na uzitupe.

Jua pia kwamba udongo ukilowa gundi unakuwa mweusi zaidi, na baadhi ya udongo haurudi rangi yake ukikauka. Jaribu kwenye kipande cha kadibodi, chini ya taa ile ile itakayomulika reli yako. Rangi inayopendeza dirishani inaweza kuonekana ya kijani mgonjwa chini ya balbu.

Paka gundi nyeupe ya mbao kwa brashi, nyunyiza vumbi kwa chujio, kisha mchanga huku na huku, na vijiwe pale ambapo maji ya mvua yangevisukuma: chini ya miteremko, kwenye mitaro, kando ya njia ya miguu. Baada ya hapo gandisha yote kwa gundi iliyochanganywa na maji kiasi sawa.

Hapa kuna jambo linalosumbua wengi. Ukidondosha gundi hiyo juu ya vumbi kavu, tone haliingii. Linajikunja kuwa kishanga, linajiviringisha vumbi mwilini na kuacha shimo. Sababu ni mvutano wa uso wa maji. Tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye maji, pulizia eneo lote kwa ukungu mwembamba mpaka udongo ubadilike rangi, ndipo udondoshe gundi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Utaiona ikinywewa mara moja. Shika chupa ya kupulizia mbali na uelekeze ukungu juu hewani, si moja kwa moja kwenye vumbi, la sivyo utapeperusha kazi yote. Funika reli kwa utepe wa karatasi kabla ya kuanza.

Sponji na nyasi

Godoro la zamani au mto wa kiti ni hazina. Rarua sponji vipande vidogo, vitie kwenye blenda pamoja na maji na rangi ya akriliki, saga kwa mipigo mifupi, kamua, anika, chekecha. Blenda hiyo isirudi jikoni tena. Tengeneza angalau rangi nne: kijani kilichokolea, kijani cha zeituni, kijani cha manjano na kahawia ya nyasi zilizokauka. Kijani kikali kitokacho moja kwa moja kwenye chupa usikitumie bila kukituliza kwa kahawia kidogo. Mimea mingi ina kijani kilichofifia kuliko tunavyokumbuka.

Nyasi zinazosimama ni nyuzi za nailoni zinazorushwa kwa kifaa cha umemetuli, yaani umeme usiotiririka, kupitia kichujio kilicho mdomoni mwake. Waya mmoja wa kifaa unaunganishwa na msumari uliochomekwa kwenye gundi mbichi. Ukitikisa kifaa juu yake, nyuzi zinachajiwa, zinafuata uga wa umeme na kutua wima. Ondoa vichwa vya treni na vifaa vyote vya elektroniki kwenye ubao kabla ya kuwasha, na usiguse kichujio cha kifaa wakati msumari uko mkononi. Mshtuko wake ni wa kukumbukwa.

Gundi ipakwe kwa madoa yasiyo na umbo maalumu, si eneo zima. Rusha milimita 2 za kahawia kwanza, subiri kidogo, pulizia spree ya nywele, kisha milimita 4 za kijani juu ya sehemu tu ya madoa hayo, na vichaka vichache vya milimita 6 kando ya uzio na mitaro, mahali ambapo panga halifiki. Ikikauka, fyonza nyuzi zisizoshika kwa mashine ya vumbi uliyoivalisha soksi nyembamba mdomoni. Zile zilizonaswa ni mchanganyiko tayari wa rangi mbili. Zihifadhi, utazitumia tena.

Mti wa waya

Kwa mti wa sentimita 17, kata nyuzi 24 za waya mwembamba, kila moja sentimita 28. Waya wa umeme wenye nyuzi nyingi za shaba, ukiuvua ngozi, unafaa sana. Zikusanye, acha sentimita 3 za chini zikiwa huru kwa mizizi, kisha sokota shina kwa koleo. Ukifika sentimita 4 au 5, toa nyuzi nne pembeni: hilo ni tawi la kwanza. Lisokote kidogo, ligawe mawili mawili, kisha moja moja. Rudi kwenye shina, sokota sentimita moja, toa tawi jingine upande tofauti, lakini si upande wa pili kabisa. Endelea hivyo ukitoa nyuzi tatu, mbili, nne, bila mpango. Matawi ya chini yainamishe, ya juu yaelekeze angani, na ncha zikate kwa urefu usiolingana.

Ubaya wa waya ni msokoto kuonekana kama kamba. Changanya gundi ya mbao, unga wa plasta na rangi mpaka uwe uji mzito, upake shina na matawi manene mara mbili au tatu. Ukianza kushika, chora mifereji ya gome kwa pini kutoka chini kwenda juu. Kuhusu rangi ya gome: wengi hupaka kahawia ya chokoleti, lakini angalia miti mitano utakayokutana nayo kesho. Mingi ni ya kijivu. Paka kijivu chenye kahawia, kisha chukua brashi ambayo umeifuta karibu ikauke, uipitishe juu juu kwa kijivu cheupe. Mifereji itabaki na kivuli.

Majani yanahitaji kitu cha kushikilia. Chukua pamba ya mto ya poliesta iliyopakwa rangi ya kijani iliyokolea, ivute mpaka uone vidole vyako kupitia kwake. Ukidhani umeivuta vya kutosha, vuta tena. Tundika vipande vidogo juu ya kila tawi peke yake, ukiacha mapengo kati ya tawi na tawi, maana mti unaofunika anga yote unaonekana kama uyoga. Pulizia gundi, ugeuze mti juu chini, nyunyiza sponji iliyokolea. Usimamishe, pulizia tena, nyunyiza rangi ya wastani, na mwisho rangi angavu juu tu, pale jua lingepiga. Malizia kwa spree ya nywele.

Misonobari ina njia nyingine. Kata nyuzi za kamba ya katani za sentimita 6, zitandaze kati ya waya mbili zilizopakwa gundi, bana ncha moja kwenye drili na nyingine kwenye koleo, zungusha polepole. Vaa miwani ya kinga. Punguza kwa mkasi upate umbo la koni, pana chini na lenye ncha juu, kisha ukate mapengo mawili matatu kwa makusudi. Koni iliyokamilika ni ya kwenye kadi za sikukuu. Miti ya mbali karibu na ukuta haihitaji mashina. Vidonge vya pamba vilivyobingirishwa kwenye sponji vinatosha, mradi viwe vidogo na rangi yake ipauke kadiri inavyokwenda nyuma.

Kupanda

Toboa shimo, chomeka waya wa katikati, tandaza mizizi na uifunike kwa udongo ule ule wa hatua ya kwanza. Chini ya mti pasiwe na nyasi za kijani: saga majani makavu, chekecha, mwaga kwenye kivuli. Ukingo wa msitu ujaze vichaka na miche, kwa sababu huko ndiko mwanga unakofika. Panga miti bila gundi kwanza, halafu piga picha kwa simu na uigeuze nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka, mistari iliyonyooka na vimo vinavyofanana vinajitokeza vyenyewe.

Kabla ya kugandisha chochote kilicho karibu na reli, pitisha behewa refu kuliko yote uliyonayo, taratibu, kwa mkono. Kwenye kona, tumbo la behewa hutokeza upande wa ndani na ncha zake upande wa nje, kwa hiyo mti ulio salama kwenye njia iliyonyooka unaweza kukwaruza hapo. Ukigusa, usogeze au ukate tawi, kisha pitisha behewa tena kutoka upande wa pili.