Somo: Kuunda tiyo (bomba) ndefu ya kufyonza uchafu wa gutieri (mfereji wa maji ya paa) ukiwa umesimama chini

Hapa Goma gutieri ndiyo kisima cha nyumba nyingi. Mwamba wa lava hauchimbiki kirahisi, kwa hiyo maji ya paani yanaingia kwenye sitini (tangi la maji) na kwenye mapipa. Gutieri ikiziba, maji yanamwagika ukutani, na nyumba ya mbao inaanza kuoza kutoka chini.

Uchafu wetu nao una tabia zake. Kuna majani ya mugreveliya, mwavoka na mkaratusi, lakini chini ya majani kuna mchanga mweusi: vumbi la barabara za lava, na majivu ambayo volkano za Nyiragongo na Nyamulagira huyatupa upepo ukielekea mjini. Majivu yakikauka ni mepesi. Yakilowa yanakuwa mazito na kushikana, na mkono peke yake hauyatoi bila kukwangua manjanja (mabati).

Kwa nini usipande ngazi tu? Kwanza, uwanja wa mawe ya lava hauna mahali pa kuisimamisha sawasawa. Pili, mvua inayopita kwenye moshi wa volkano huwa na asidi, na manjanja ya zamani yanaliwa kwenye misumari. Unayekanyaga huwezi kujua lini yatakuachia. Kazi ya ngazi ifanywe na tiyo.

Kabla ya kununua chochote, shika jambo hili moja, kwa sababu hatua zote zinalitegemea: kinachobeba uchafu ni hewa inayokimbia. Watu wanauliza kwanza mashine ina wati ngapi. Afadhali waulize hewa inapita wapi na inakwama wapi. Mashine nzuri ya kufyonza maji na vumbi ina mvuto wa karibu kilopaskali 20, na mvuto huo hauwezi kuinua maji matupu zaidi ya mita mbili hivi. Ila matone na majani yaliyochanganyika na hewa yenye kasi yanasafiri vizuri. Ndiyo maana mdomo wa tiyo hauzamishwi kamwe ndani ya maji.

Vifaa

- Mashine ya kufyonza maji na vumbi, wati 1,200 hadi 1,600, yenye kichujio cha sponji na cha karatasi.
- Tiyo za PVC za milimita 50, zile nyembamba za maji machafu, zenye pete ya mpira ndani ya kichwa (mwisho mpana unaopokea tiyo nyingine).
- Kude (kona za tiyo) tatu: moja ya digrii 90 na moja ya digrii 45 za mdomo, na moja ya ndani ya pipa.
- Tiyo laini ya milimita 50 ya kufyonzea, ile yenye uzi mgumu unaozunguka kama springi, inayouzwa kwa ajili ya motopompe. Mita tatu au nne.
- Pipa la bluu la plastiki ngumu, lita 60, lenye kifuniko kinachobanwa kwa mkanda wa chuma.
- Kolie (mikanda ya kukazia), silikoni, vipande vya mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, na kioo kimoja cha pikipiki.

Vyote vinapatikana ukizunguka mtaa wa Birere asubuhi moja. Mashine ndiyo itakula pesa. Vingine ni vya bei ya kawaida.

Hatua ya 1: Chagua upana, usibabaishwe

Fundi wengi wanakimbilia tiyo ya milimita 75 wakidhani pana ni bora. Fanya hesabu. Chukua mashine inayovuta lita 40 za hewa kwa sekunde. Kwenye tiyo ya 50, ambayo ndani ina karibu milimita 46, hewa inakwenda mita 24 hivi kwa sekunde. Kwenye ya 75 inashuka hadi mita 10 hivi, na jani lililolowa linashindwa kupanda mdomoni, linarudi kwenye gutieri. Ya 32 nayo ni nyembamba mno: hewa inakwaruzana na ukuta wa tiyo na jani la mwavoka linakwama. Baki kwenye 50.

Hatua ya 2: Kata na unganisha

Kata vipande vya mita moja na nusu. Urefu huo unabebeka kwenye pikipiki au kwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) bila kugonga watu njiani. Baada ya kukata, lainisha ukingo wa ndani kwa kisu na karatasi ya msasa. Unyuzi mdogo tu wa plastiki unashika jani, jani linashika jani lingine, na tiyo imeziba.

Angalia upande. Uchafu unatoka juu kushuka, kwa hiyo kichwa kipana cha kila kipande kitazame juu, na kipande cha juu kiingie ndani yake. Ukigeuza, uchafu utakuwa unagonga ukingo kila kiungo, na maji yatavuja kwenye mikono yako.

Usitie gundi. Pete ya mpira inatosha kuzuia hewa. Ili vipande visichomoke ukiwa umeinua, funga kila kiungo kwa nje na mpira wa tairi, ukiuvuta mpaka ukaze. Bolti zinazopenya ndani ya tiyo zikatae hata fundi akikusihi, maana zinakuwa ndoano ya majani.

Vipande vitatu vinakupa mita nne na nusu, na hiyo inatosha nyumba isiyo na ghorofa. Tiyo nyembamba ya 50 ina uzito wa karibu nusu kilo kwa mita, kwa hiyo mikono itahimili. Kinachosumbua ni kupinda: ikizidi mita tano inaanza kucheza kama fimbo ya ndoana yenye samaki. Kwa nyumba ya ghorofa, weka aluminiamu vipande vya chini na PVC juu. Ila soma kwanza hatua ya 5.

Hatua ya 3: Mdomo

Hapa ndipo kazi inaharibika au inafaulu, nenda polepole.

Juu ya tiyo weka kude ya 90, kisha ya 45. Zikikaa pamoja zinafanya ndoano inayopanda juu ya ukingo wa gutieri na kuinama ndani. Usifuatanishe kude mbili za 90, kwa sababu kona kali mbili zinaua kasi na ndiyo mahali pa kwanza pa kuziba.

Mbele ya kude ya 45 tia kipande cha tiyo cha sentimita 20. Huu ndio mdomo. Gutieri zetu nyingi zimekunjwa na mafundi wa manjanja, hazina upana mmoja, na mdomo wa duara unaweza kukataa kuingia kwenye zile nyembamba. Ufanye uwe wa yai. Uchovye kwenye maji yanayochemka dakika chache, ubonyeze katikati ya mbao mbili, kisha uumwagie maji baridi. Katika mwinuko wa Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 tu, lakini PVC inalainika karibu na 80, kwa hiyo yanatosha. Usiweke kwenye makaa: PVC ikiungua inatoa moshi wenye asidi unaochoma mapafu.

Mwisho kata mdomo kwa mshazari. Mdomo uliokatwa sawa ukilala kwenye sakafu ya gutieri unajifunga, hewa inakatika, na uchafu wote uliokuwa njiani unaanguka. Wa mshazari daima unabaki na upenyo wa kuvuta hewa.

Kioo cha pikipiki kifunge kwa kolie chini kidogo ya kude, ukigeuze mpaka ukiwa chini unaona ndani ya gutieri. Kuna wanaofunga kamera ndogo inayopeleka picha kwenye simu. Ni nzuri, lakini kioo hakihitaji chaji.

Hatua ya 4: Pipa

Wengi wanafunga tiyo ndefu moja kwa moja kwenye mashine. Tatizo: tiyo laini ya mashine kwa kawaida ina milimita 35 hadi 38. Umetoka 50 ukaingia 38, hapo ndipo majani yanajazana. Tena majivu yetu yanaziba kichujio haraka, yakipenya yanasaga moteri.

Pipa linakaa katikati. Toboa matundu mawili kwenye kifuniko. La pembeni linapokea ile tiyo laini ya 50 inayotoka chini ya tiyo ndefu. Ndani yake tia kude inayotazama ukingoni, ili uchafu uingie ukizunguka ukuta wa pipa. La katikati linakwenda kwenye mashine kwa ile tiyo yake ya 38, ambayo sasa inabeba hewa tu. Majani, maji na mchanga vinazunguka, vinapoteza kasi, vinabaki chini. Ziba kandokando kwa silikoni na uache ikauke mpaka kesho yake.

Bido (dumu) la mafuta lisitumike hapa. Njia ikiziba ghafla, kifuniko chenye upana wa sentimita 40 kinabebeshwa na hewa ya nje mzigo unaopita kilo 200. Bido laini litajikunja papo hapo.

Mimina pipa likifika nusu. Pipa halina boya la kukata mvuto kama mashine, kwa hiyo maji yakipanda yanaelekea kwenye moteri. Na usimimine kwenye kanivo (mtaro) la barabara! Yamejaa ya kutosha. Uchafu huu ni mzuri kwenye shimo la mboji.

Hatua ya 5: Umeme

Tazama nyaya kabla ya kuinua chochote. Kwetu waya wa kuingia nyumbani unapita karibu na paa, wakati mwingine unaligusa. Aluminiamu inapitisha umeme, na PVC yenye maji machafu ndani haikulindi vya kutosha. Kaa mita tatu mbali na waya wowote, na kama gutieri iko karibu zaidi ya hapo, kipande hicho mwachie mwenye ruhusa ya kukata umeme. Fanyeni kazi wawili: mmoja kwenye tiyo, mwingine kazi yake ni kutazama juu na kuzima mashine.

Mashine ya wati 1,400 kwa volti 220 inachukua ampea 6 na zaidi kidogo. Tumia waya wa kurefusha wa milimita mraba 2.5, uukunjue wote, kwa sababu ukibaki umeviringwa unapata moto. Uchomeke mahali penye dijonkteri diferansieli (kikata umeme kinachojizima umeme ukivuja) ya miliampea 30. Nasisitiza kwa sababu ya mwamba: kutengeneza arthi nzuri (njia ya umeme kuingia ardhini) kwenye lava ni kazi ngumu, na nyumba nyingi zina arthi ya jina tu.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Anza kwenye tundu la kushusha maji, rudi nyuma polepole. Gusa uchafu kwa juu, uinue mdomo kidogo, acha hewa iingie, gusa tena. Ukisikia sauti ya mashine inapanda na kuwa nyembamba, hewa imekatika. Inua mara moja. Vaa miwani na maski nzuri, hasa ukifungua pipa, kwa sababu mavi ya popo na ndege yanakuwemo. Wakati mzuri ni Agosti, kabla mvua za Septemba hazijashika.

Maswali ya wanachama wanaofuata somo hili

*Mama mmoja wa Himbi:* Fundi, nina aspirateri (mashine ya kufyonza vumbi) ya ndani ya nyumba, ile ya mfuko. Naweza kuifunga kwenye pipa?

Hapana, mama. Hewa inayotoka kwenye pipa bado ina unyevu, na moteri ya mashine hizo inapozwa na hewa hiyohiyo. Mfuko utalowa, kisha moteri itafuata. Kwa kapeti ni nzuri, iache huko.

*Fundi wa Kadutu, Bukavu:* Yaya, nyumba zetu ziko kwenye mteremko. Upande wa juu gutieri naigusa kwa mkono, upande wa chini ni kama mita nane. Niongeze vipande?

Usiongeze. Mita nane ya PVC huwezi kuiongoza, na ikiinama inakupeleka bondeni pamoja nayo. Tazama kama ukiwa kwenye kona ya nyumba, upande wa juu, unaweza kuilaza tiyo ifuate gutieri kutoka pembeni. Ikishindikana, hiyo ni kazi ya jukwaa la mbao lililofungwa vizuri. Na udongo wenu mwekundu uloweshe kwanza kwa maji kidogo, ukikauka ni tofali.

*Kijana wa Ndosho:* Kwetu umeme unakatika. Jenereta ya kVA 1 inatosha?

Haitoshi. Moteri ikianza inadai umeme mara kadhaa kuliko ikishazoea. Tafuta ya kVA 2.5 au 3, na usiwashe pamoja na friji.

*Mwanachama wa Lubumbashi:* Huku kiangazi ni kirefu, gutieri imejaa vumbi kavu na maua ya jakaranda. Nikishika tiyo inanipiga cheche. Nizungushie waya wa shaba?

Papa, waya wa shaba ungeondoa cheche, lakini umeigeuza tiyo nzima kuwa njia ya umeme ukigusa waya wa umeme. Cheche hizo zinatokana na vumbi kavu kusugua plastiki. Hazikuui, ila zinaweza kukushtua ukaachia tiyo. Nyunyiza maji kwenye gutieri nusu saa kabla, au fanya alfajiri kukiwa na umande. Vaa glavu za mpira pia.

*Dada wa Keshero:* Baada ya kusafisha, maji ya sitini tunaweza kunywa?

Yatakuwa safi kwa macho, dada, lakini mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano inaweza kubeba floridi, na floridi haitoki kwa kuchemsha wala kwa klorini. Yatumie kufua na kuosha. Maji ya kwanza baada ya siku za kiangazi yamwage nje kabla ya kufungulia sitini.

*Yuleyule wa Ndosho:* Tiyo ikiziba katikati nichomeke chuma?

Zima mashine, ishushe tiyo, fungua mipira, piga kila kipande kwa kiganja. Kisichofunguka, geuza kichwa chini ukimwagie maji. Chuma kitakwaruza ndani, na kuanzia siku hiyo kipande hicho kitaziba kila mara.