Kumsaidia mgonjwa wa saratani ya mapafu kuamua matibabu pamoja na daktari

Mgonjwa wa Bukavu aliyetibiwa kifua kikuu bila kupata nafuu, kisha akaambiwa kwamba ana saratani ya mapafu, asiharakishwe kukubali matibabu kabla ya kujua mambo mawili: kama kipande cha uvimbe kimepimwa maabara na kuonyesha iwapo ni saratani ya seli ndogo au ya aina nyingine, na kama ugonjwa umekwisha kuenea nje ya pafu. Upasuaji huwafaa hasa wale ambao ugonjwa wao haujaenea. Saratani ya seli ndogo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za kemikali, mara nyingi pamoja na mionzi.

Ndugu mmoja amsindikize na kuandika majibu, lakini mgonjwa mwenyewe ndiye aulize: «Daktari, matibabu haya yanalenga kuniponya, au kunipunguzia mateso na kurefusha maisha? Nisipoyapata, itakuwaje?» Familia zetu hupenda kumficha mgonjwa jibu, na kwa maoni yangu huko ni kumnyima haki yake. Daktari akipendekeza mionzi Kigali, gharama zote zihesabiwe, pamoja na nauli na malazi, kabla shamba halijauzwa. Dawa za maumivu ziombwe tangu mwanzo, hata uamuzi ukiwa bado.