SOMO: Kutoa weusi kwenye silva kwa foili na beking soda

Nimeulizwa hili mpaka nimechoka, nalibandika mara moja. Linahusu silva halisi, ile yenye muhuri wa 925.

1. Osha kwa sabuni, suuza. Mafuta ya ngozi yakibaki, weusi hautoki vizuri.

2. Tandika foili ndani ya bakuli lenye kina.

3. Kagua mawe. Hapa niliwahi kujuta, soma taratibu. Pete yenye tanzanaiti USIITUMBUKIZE. Jiwe hilo la Mererani halistahimili joto la ghafla, linaweza kupasuka, na ufa hauzibiki. Lulu, marijani na feruzi hupoteza mng'ao. Jiwe la kugundishwa huachia. Hizo zote futa kwa kitambaa laini, basi. Na vikuku vya kale vya Lamu au Unguja viache: weusi uliolala kwenye nakshi ndio unaoonyesha mchoro. Ukiutoa, umebaki na bati.

4. Panga vitu juu ya foili, VIIGUSE. Nyunyiza beking soda vijiko vikubwa viwili na chumvi kijiko kidogo, kisha nusu lita ya maji yanayotokota, polepole, maana povu hupanda.

5. Dakika 2 hadi 5. Mkufu ugeuze. Suuza, kausha.

MASWALI

Swali: Mkuu nimefuata yote, haijang'aa.
Jibu: Maji yalikuwa yanatokota?
Swali: Ya vuguvugu.
Jibu: Rudia namba 4.

Swali: Beking pauda je?
Jibu: Nimeandika soda.

Swali: Samahani, mbona inanuka yai viza? Nimeiharibu?
Jibu: Hujaharibu, dada. Weusi ule si uchafu, ni silva iliyoshikana na salfa. Alumini ya foili huinyang'anya hiyo salfa, silva ikabaki palepale kwenye pete. Unachonusa ni salfa inayotoka. Ndiyo maana nakataza kusugua kwa dawa ya meno: ile inakwangua silva yenyewe.

Swali: Kumbe hata vitunguu vinaipiga weusi?
Jibu: Na mayai. Na rababendi, usifungie cheni kabisa. Weka kwenye kimfuko cha zipu, kamua hewa.

Mchango: Tia na kipande cha chaki, kinanyonya unyevu.
Jibu: Kweli, ila kibadilishe mara kwa mara.

Swali: Sasa tanzanaiti yangu naioshaje?
Jibu: Maji ya vuguvugu, tone la sabuni, mswaki laini wa mtoto. Pitisha nyuma ya jiwe, ndiko losheni inakoganda.