Tairi Linapoliwa Upande Mmoja: Kupima na Kupanga Magurudumu ya Gari la Kambi la 4x4

Tairi haliliwi upande mmoja bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo huonekana juu ya tairi lenyewe kabla fundi hajalegeza nati hata moja. Wamiliki wengi wa magari ya kambi, yaani magari yaliyogeuzwa kuwa nyumba ndogo ya safari, wakishaona bega la ndani limebaki kipara ilhali bega la nje bado lina meno, hukimbilia mashine ya alaimenti (upangaji wa pembe za magurudumu), hulipa, hurudi barabarani, na baada ya muda hukuta tairi jipya nalo limeanza kuliwa palepale. Mashine haikukosea. Ilipima gari tupu, lenye boljointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu na kuliruhusu kugeuka) iliyolegea na upepo uliopungua, ikapanga pembe za gari hilo, wala si za gari linalosafiri na maji, mitungi ya gesi, betri, vyombo na watu. Ndiyo maana katika mwongozo huu alaimenti inakuja karibu na mwisho, baada ya kusoma tairi, kuhakiki upepo na uzito, na kukagua viungo.

Kusoma tairi

Egesha gari mahali pagumu palipo sawa, kisha kata usukani hadi mwisho upande mmoja ili uso wa matairi ya mbele uonekane vizuri. Kwa geji ya kina, pima meno katika sehemu tatu za upana wa tairi, yaani bega la nje, katikati na bega la ndani, kisha rudia vipimo hivyo katika sehemu kadhaa za mzunguko wake. Andika namba hizo daftarini pamoja na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Bega la ndani la matairi ya nyuma halionekani mpaka ulale chini, na kwa sababu hiyo ndilo linaloachwa likaliwa hadi nyuzi zikatokeza.

Mabega yote mawili yakiwa yameliwa huku katikati pakiwa pazima, tairi limekuwa likitembea na upepo mdogo kuliko uzito lililobeba. Katikati pakiliwa peke yake, upepo umezidi. Bega moja likiliwa, kuna mambo mawili ya kushuku. La kwanza ni kemba, yaani mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele ya gari: sehemu ya juu ikilalia ndani, bega la ndani hubeba mzigo mkubwa zaidi. La pili ni tou, yaani jinsi magurudumu mawili ya ekseli moja yanavyoelekeana au kuachana upande wa mbele, ukiyatazama kutoka juu.

Mkono hutofautisha mambo haya mawili vizuri kuliko jicho. Pitisha kiganja taratibu juu ya meno kutoka bega la nje kwenda la ndani, kisha kirudishe. Kemba mbaya hula bega moja lakini huacha uso laini pande zote. Tou mbaya huacha kila safu ya meno ikiwa na ukingo mmoja wa mviringo na mwingine mkali kama msumeno, hivyo kiganja huteleza kikienda upande mmoja na hukwaruzwa kikirudi. Kikiteleza kuelekea ndani na kukwaruzwa kuelekea nje, magurudumu yanaelekeana kupita kiasi. Ikiwa kinyume, yanaachana. Fanya hivyo kwa uangalifu, kwa maana tairi lililoliwa vibaya laweza kuwa na nyaya zilizojitokeza.

Kuna mikato mingine isiyohusiana kabisa na alaimenti. Mabonde mabonde yanayojirudia kuzunguka tairi hutokana na shokapu zilizochoka, magurudumu yasiyo na balansi, au beringi iliyolegea. Na katika matairi yenye meno makubwa yaliyoachana, ambayo wenye magari ya 4x4 huyapenda, kila jino huelekea kuliwa zaidi upande mmoja kwa kufuata mwendo wa gurudumu. Hilo ni tabia ya meno hayo, na dawa yake ni kubadilishana nafasi za matairi mapema badala ya kusubiri kelele.

Kwa nini milimita chache zinatosha kumaliza tairi

Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 700, na useme tou ya ekseli nzima imekosewa kwa milimita 3 tu, zikigawanywa sawa kati ya magurudumu mawili. Kila gurudumu linaelekea kando kwa milimita 1.5 katika kila milimita 700 za kipenyo chake, na kwa kuwa gari linaenda mbele moja kwa moja, mpira unaburutwa pembeni kwa kiasi cha mita 2 katika kila kilomita. Katika kilomita 10,000 zinakuwa kilomita 20 hivi za kuburutwa kiubavu juu ya lami, na tairi hilo likiwa limebebeshwa mzigo wa nyumba ndogo. Mpira unajikunja na kumeza sehemu ya msuguano huo, lakini unaobaki unatosha kulimaliza tairi zuri kabla ya wakati wake. Kwa hiyo tou ndiyo ninayoishuku kwanza. Pembe ya tatu, kasta, ambayo ni mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea mbele au nyuma, haili tairi sana. Yenyewe huonekana zaidi katika gari linalovuta upande mmoja au usukani usiotaka kurudi katikati.

Upepo na uzito

Gari la kambi hutofautiana na gari la kawaida kwa kuwa mzigo wake hautoki. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100 zinazoweza kukaa upande mmoja wa gari, na pengine jiko, friji na betri ziko upande huohuo. Lipime gari kwenye mizani likiwa limejazwa kama linavyosafiri, ekseli moja baada ya nyingine, na ikiwezekana gurudumu moja moja. Linganisha na kibao cha mtengenezaji kinachoonyesha uzito wa juu wa kila ekseli, halafu tafuta kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi upepo unaolingana na uzito uliopata. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi hueleza ukomo wa tairi, si upepo unaofaa gari lako. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Tairi lililopata moto huonyesha namba kubwa, na anayelipunguzia upepo katika hali hiyo analiacha likiwa chini ya kiasi likipoa.

Anayepunguza upepo ili apite kwenye mchanga anapaswa kuurudisha kabla ya kuingia lami. Hili linajulikana na kila mtu, na bado mabega ya matairi mengi ya 4x4 huliwa kwa sababu pampu ilibaki ndani ya kabati kwa kilomita chache za mwisho zilizogeuka kuwa nyingi.

Uzito hugusa pembe pia. Katika ekseli ya mbele ambayo kila gurudumu lina mikono yake, springi zikilala gari hushuka, na kemba na tou hubadilika pamoja nalo. Kinyume chake, gari lililoinuliwa kwa springi ndefu bila kupangwa upya hutembea na pembe ambazo mtengenezaji hakuzikusudia. Gari lenye ekseli ya mbele ya kipande kimoja halibadiliki kemba kwa kushuka au kuinuka, lakini huweza kupoteza kasta likiinuliwa, na usukani ukaanza kutangatanga. Kemba ya ekseli ya aina hiyo ikikutwa imeharibika, tafuta beringi iliyolegea, boljointi au kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) iliyokwisha, au chuma kilichopinda, kwa kuwa kwa kawaida hapana nati ya kuirekebisha.

Matairi manne na mfumo wa 4x4

4x4 ikiwa imewashwa, matairi manne ya gari huunganishwa na transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli mbili, kwa hiyo tofauti za mpira hazibaki kwenye mpira. Ikiwa matairi ya mbele yana meno ya kina cha milimita 3 zaidi ya ya nyuma, mzunguko wao hutofautiana kwa takriban milimita 19. Kwa tairi la milimita 700, hiyo ni zaidi ya mita 8 katika kila kilomita, na mita hizo lazima zimezwe na difu ya katikati (gia zinazoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti) au kiunganishi chake. Kama gari halina difu ya katikati na limefungwa 4x4 kwenye lami kavu, hakuna kinachoweza kuzimeza ila matairi yenyewe kuteleza, na hata matairi yanayolingana hukwaruzwa kwenye kona kwa sababu magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Dereva anayesahau kutoa 4x4 baada ya tope ataona tairi zimeliwa ovyo na atalaumu alaimenti.

Nunua basi matairi manne ya aina moja na saizi moja kwa pamoja, na angalia kwenye kitabu cha gari tofauti ya kina inayoruhusiwa.

Kukagua viungo

Kabla ya kuinua gari, fahamu kwamba katika baadhi ya magari ya 4x4 hendibreki hukamata propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli), si magurudumu. Katika gari la namna hiyo, gurudumu moja la nyuma likishaacha ardhi, difu inaliruhusu gari lote kutembea ingawa hendibreki imevutwa. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na usiingize sehemu yoyote ya mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tumia stendi zenye uwezo wa kubeba uzito wake halisi, wala si uzito wa gari lilipotoka kiwandani.

Gurudumu likiwa juu, lishike kwa mikono miwili juu na chini, ulitikise ndani na nje. Mchezo, yaani ulegevu, unaousikia hapo hutoka kwenye beringi, boljointi au kingipini. Mwenzako akikanyaga breki na mchezo ukapotea, beringi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kisha lishike kushoto na kulia: mchezo wa upande huo huelekeza zaidi kwenye ncha za tai rodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) na boksi ya usukani. Bushi (mipira ya viungo) hukaguliwa vizuri gari likiwa chini, mtu mmoja akichezesha usukani kidogo kidogo huku mwingine akitazama ni kiungo kipi kinachochelewa kufuata. Angalia pia kama shokapu inavuja mafuta na kama jani la springi limevunjika. Chochote kilicholegea kibadilishwe sasa, kwa sababu pembe zitakazopangwa juu yake hazitakaa.

Kupima tou mwenyewe

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mashine, ila hukueleza kama unahitaji kwenda na hukuwezesha kufika huko bila kumaliza tairi njiani. Unahitaji chaki, futi ya chuma na timazi. Gari likiwa na mzigo wake wa safari na upepo sahihi, lisukume mbele mita chache usukani ukiwa umenyooka, ili viungo vikae. Chora alama nyembamba katikati ya uso wa kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Teremsha timazi kutoka kwenye kila alama na utie chaki sakafuni. Sasa lisukume gari mbele kwa nusu mzunguko wa gurudumu, mpaka alama zilezile zifike nyuma kwenye kimo kilekile, uteremshe timazi tena. Kutumia alama zilezile kunafuta kosa la rimu iliyopinda kidogo. Ukipita alama, usirudishe gari nyuma, anza upya.

Ondoa gari, upime umbali kati ya nukta mbili za mbele na kati ya nukta mbili za nyuma. Tofauti yake ndiyo tou: umbali wa nyuma ukiwa mkubwa, magurudumu yanaelekeana. Linganisha na kitabu cha gari lako, si la jirani, kwa sababu magurudumu ya mbele yanayovutwa na injini hayaelekei upande uleule na yale yanayosukumwa tu, na kila mtengenezaji ameweka kiasi chake.

Kwenye mashine

Mwombe fundi apime magurudumu yote manne, hata kama ekseli ya nyuma haina marekebisho. Ekseli ya nyuma iliyosogea kwa sababu ya bushi au bolti ya katikati ya springi hulifanya gari litembee kimshazari. Ukipanga mbele peke yake, usukani utabaki umepinda kwenye barabara iliyonyooka. Peleka gari likiwa na tangi la maji lilivyo safarini na mizigo mahali pake. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, na uangalie kama tai rodi za pande zote mbili zimezungushwa kwa kulingana pale ambapo gari lina mbili. Fundi asiyeuliza habari za upepo wala mzigo, na asiyegusa viungo kabla ya kufunga vipimio kwenye rimu, simwachii gari.

Baada ya hapo badilishaneni nafasi za matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000: ya nyuma yaende mbele upande uleule, ya mbele yaende nyuma kwa kupishana. Matairi yenye mshale wa mwelekeo yabaki upande wake, na la akiba liingie kwenye zamu likiwa la saizi na aina ileile. Kumbuka kurekebisha upepo mara tu matairi yanapohama, kwa kuwa ekseli ya nyuma ya gari la kambi kwa kawaida hubeba zaidi ya ya mbele, na kaza upya nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hadi 100. Tairi lililokwisha kuliwa upande mmoja litaendelea kutoa kelele hata pembe zikiwa sahihi. Pima kina chake tena baada ya kilomita 2,000 hivi, na kama tofauti kati ya mabega haijaongezeka kwenye daftari lako, alaimenti imeshika.