Jinsi ya kushika sayansi na imani kwa pamoja bila kujidanganya (hasa kwa watu wa Mwanza na kanda ya ziwa)

Hii naiandika kwa ajili ya wanachuo, manesi, walimu wa bailojia na yeyote ambaye asubuhi anafundishwa mageuzi ya viumbe halafu jioni yuko kwaya au yuko darsa, na katikati hapo kichwa kinamgonga. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni ama "achana na mambo ya wazungu" ama "hivi ni vitu viwili tofauti usivichanganye", na kiukweli yote haisaidii kwa sababu we ni mtu mmoja sio wawili. Mi napendekeza uanzie pengine kabisa, uanze kwa kujiuliza Mungu unayemwamini ni wa namna gani, ukilinyoosha hilo mengi yananyooka yenyewe.

Anza na radi. Mtu wa Igombe, Kayenze au Ukerewe hahitaji kuambiwa kwamba dhoruba za ziwani zinapenda usiku. Maelezo yake yapo: mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, hewa kutoka pande zote inakwenda kukutana juu ya maji ambayo bado yana joto, inapanda, mawingu yanajengeka, zinaanza ngurumo. Haya, baada ya kusoma hivyo, Mungu kapungua? Ukihisi kapungua basi ulikuwa umempanga kwenye foleni moja na upepo na joto, kwamba upepo ukishachukua nafasi yeye anarudi nyuma. Zaburi ya 29 inaongelea sauti ya Bwana juu ya maji, Qurani ina sura nzima inaitwa Radi, ya 13, na humo radi inamsabihi Mungu, na sijaona popote kati ya hizo mbili panapokataa upepo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii, chukua karatasi uandike mambo yote ambayo huwa unasema "hapa ni Mungu tu", halafu uweke alama kwenye yale unayoyasema hivyo kwa sababu tu hujui yanatokeaje. Hayo yenye alama ndiyo yatakayokusumbua. Hata Newton, yule mwanasayansi wa nguvu ya uvutano, yalimkuta, na huyo sio mtu mdogo. Aliona hesabu zake za mwendo wa sayari zinaacha hitilafu ndogo ndogo, akasema Mungu lazima anaingia mara moja moja kurekebisha. Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, akamcheka, kwamba huyo Mungu wako ni fundi saa ambaye saa yake haikai sawa. Baadaye Laplace, mwanahesabu wa Kifaransa, akapiga hesabu akaonyesha zile hitilafu zinajisawazisha zenyewe kwa muda mrefu, na ile kazi aliyokuwa amepewa Mungu ikaisha hapo. Usimpe Mungu kibarua cha namna hiyo.

Kazi ya pili ndo nzito, chagua unaelewaje Mungu anavyotenda. Wenzetu wa zamani walishaligombania hili vizuri kuliko sisi, na bahati nzuri mfano wao ni pamba, kitu ambacho Usukumani hakuna asiyekijua. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliuliza: ukisogeza pamba kwenye moto ikaungua, umeona nini hasa? Umeona moto, umeona pamba imeungua, lakini hujaona kwamba moto ndio uliolazimisha, kwake yeye anayeunguza ni Mungu, na tunaona mpangilio ule ule kila siku kwa sababu Mungu ameuendeleza. Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyekuja baada yake, akamjibu kwa ukali kwamba ukivinyima vitu tabia zake umeua elimu yote, maana kujua kitu ni kujua sababu zake. Thomas Aquinas naye, padri wa karne ya 13, akaja na jibu ambalo mi ndo nalikubali zaidi: moto unaunguza kweli, kwa nguvu yake kweli, na Mungu ndiye anayefanya moto uwepo na uwe na hiyo nguvu. Sio nusu Mungu nusu moto. Ni moto mzima, na ni Mungu mzima, ila sio kwa ngazi moja.

(Kuna wanaosema Mungu aliwasha dunia akaondoka. Hii inapatana na sayansi kirahisi sana lakini sasa unamuomba nani? Tupite.)

Ukishaipata hiyo ya ngazi, nenda kwenye lile ambalo wengi wanalikwepa, mageuzi, na ulitafute hapa hapa ziwani kwa furu, wale samaki wadogo wadogo. Wanajiolojia wanasema Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita, na ziwa hili limehesabiwa kuwa na spishi kama 500 za furu, kila mmoja na mdomo wake na mlo wake, huyu anakwangua mwani, yule anavunja konokono. Unaweza kusema kila mmoja aliumbwa peke yake kwa mkono, au unaweza kusema Muumba ametoa samaki wenye uwezo wa kuzaa aina mpya. Charles Kingsley, kasisi wa Kianglikana, alimwandikia Darwin mwaka ule ule wa 1859 kilipotoka kitabu chake cha mageuzi, kwamba hiyo ya pili haimshushi Mungu hata kidogo. Mi naona inampandisha.

Ila sasa usikimbilie upande wa pili, ule mchezo wa kusema "hii ya wanasayansi mbona ilishaandikwa kwenye kitabu chetu", aisee huo uache, dini zote mbili tunaucheza. Aliyetoa wazo la ulimwengu kuanza kwenye kitu kidogo sana ni padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji, mwaka 1931. Mwaka 1951 Papa Pius XII akaongea kana kwamba nadharia hiyo inathibitisha uumbaji, na Lemaître hakufurahia, kwa sababu nadharia inaweza kubadilishwa kesho na imani ukiwa umeifunga humo inakwenda nayo. Halafu hata kiimani kuumba sio tukio la dakika ya kwanza tu. Agustino, yule mtakatifu wa kale ambaye chuo cha Malimbe kina jina lake, alisema wakati wenyewe umeumbwa, kwa hiyo kuuliza Mungu alikuwa anafanya nini kabla ya hapo ni swali lisilo na pa kukaa.

Kuna sehemu hii njia inabana na ni vizuri ujue mapema. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na kuendelea, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wamepotea. Hapo utasema ni binadamu, sawa, lakini hata kabla ya sangara viumbe vilikuwa vinakulana na mtoto alikuwa anapata kichocho kwa kuoga tu. Ukisema Mungu anavipa vitu uwezo wa kutenda vyenyewe basi umempa uwezo na yule mdudu wa kichocho. Wapo wanaojibu kwamba dunia yenye uhuru haiwezi kukosa maumivu, mi naliona ni jibu la nusu, na usikubali mtu akuuzie kama jibu zima.

Kwenye maisha ya kila siku: mtoto akikojoa damu mpeleke zahanati apate prazikwanteli, dawa ya kichocho, na umuombee, na mama mkwe akisema Mungu kamponya usianze kumrekebisha kwamba ni dawa. Mjibu "kweli mama, Mungu kamponya", na hujadanganya. Mrekebishe siku akisema dawa haina haja, hapo usikae kimya hata kama ni mkubwa, anza na shikamoo, mwambie kwa upole kwamba hospitali ya Bugando imejengwa na kanisa. Na mtu akisema ile radi iliyopiga nyumba ya jirani imetumwa na yule bibi wa pale mwenye macho mekundu, hapo upole uache kidogo, maana huku kwetu maneno hayo yameshaua watu.