Somo: Njia ya kupata CNA huku Marekani bila kutupa hela

Kila wiki napigiwa simu na mtu aliyefika juzi akiuliza haya haya, basi leo nayaandika mara moja. CNA ni msaidizi wa muuguzi mwenye cheti: anaogesha, analisha, anamgeuza mgonjwa kitandani, anapima presha. Wengi wetu tulianzia hapo.

Hatua ya 1: jua saa za jimbo lako. Sheria ya shirikisho ya 1987 inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na 16 kati yake ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Jimbo linaweza kuongeza: Texas 100, California 160. Binamu yako wa Minnesota akisema alimaliza upesi, hajakudanganya. Kwao ni 75.

Hatua ya 2: tafuta kazi kabla ya shule. Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) hairuhusiwi kumtoza mfanyakazi wake ada ya kozi wala ya mtihani. Piga simu, uliza kama wanafundisha wenyewe. Wakikuchukua ukiwa mwanafunzi, una miezi 4 tu ya kuwa umefuzu. Na kama ulijilipia, kisha ukaajiriwa na nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12, una haki ya kurudishiwa. Tunza risiti! Mimi yangu niliifungia maandazi.

Hatua ya 3: ikibidi kulipia, hakikisha shule imo kwenye orodha ya jimbo ya shule zilizoidhinishwa. Nadharia unaweza kuisoma kwenye simu, lakini anayekuahidi kozi nzima mtandaoni anakuibia, maana zile saa za vitendo hazikwepeki.

Hatua ya 4: mtihani. Una sehemu mbili, maswali na vitendo. Maswali hayaui mtu. Vitendo ndivyo vinavyoangusha, tena kwa vitu vidogo. Kunawa mikono: vidole vielekee chini, povu sekunde 20, usiguse sinki, bomba ulifunge kwa karatasi kavu. Mimi nilianguka mara ya kwanza kwenye kumhamisha mgonjwa. Mkanda wa kumshikia kiunoni nilimfunga vizuri, nikamweleza kila ninachofanya, nikamwinua, na kiti cha magurudumu kikarudi nyuma. Breki sikufunga. Msimamizi hakusema neno, aliandika tu. Tangu siku hiyo, hata kiti cha mtoto dukani nakikagua breki.

Ukikumbuka kosa kabla hujaenda kwenye zoezi linalofuata, sema na urekebishe. Ukishahama, basi.

Hatua ya 5: ukifaulu, jina linaingia kwenye rejista ya jimbo. Mwajiri huangalia hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo dada. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, nitaweza?*

Marahaba mdogo wangu. Unaweza kuomba maswali usomewe badala ya kuyasoma mwenyewe. Ila ujiulize kama utaweza kumwambia nesi saa tisa usiku kwamba bibi wa chumba fulani anapumua vibaya. Hilo ndilo la kufanyia mazoezi.

*Nilikuwa muuguzi Tanzania. Lazima nianze kozi upya?*

Si kila mahali. California, kwa mfano, inamruhusu muuguzi aliyesomea nje kuomba kufanya mtihani bila kurudia kozi. Na usiishie hapo kaka, peleka vyeti vyako vikatathminiwe, ulenge NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi huku.

*Nilijifungua, nimekaa nyumbani karibu miaka miwili. Cheti changu bado kizima?*

Hongera ya mtoto! Hesabu vizuri: miezi 24 mfululizo bila kazi ya kulipwa ya uuguzi, kinakufa, urudi darasani au kwenye mtihani. Majimbo mengi hukubali hata shifti moja ya saa 8 yenye malipo. Kama bado una wiki mbili tatu, mwachie baba mtoto Jumamosi moja.